Umbali Kama Kidhibiti cha Kina cha Ubayana katika Picha za Sura Zinazopigwa kwa Kamera Ndogo ya Dijitali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kina cha ubayana kinavyoweza kudhibitiwa katika picha za sura zinazopigwa kwa kamera ndogo ya dijitali. Hoja kuu ni kwamba katika kamera ya aina hii kidhibiti chenye nguvu si namba ya f, bali ni umbali: umbali baina ya lenzi na mhusika, na umbali baina ya mhusika na kilicho nyuma yake. Hoja hiyo inathibitishwa kwa hesabu za kijiometri zilizofanywa kwa kutumia vipimo vya kamera mbili halisi. Aidha, makala yanabainisha kwamba ukungu unaopatikana kwa kamera ndogo hautoshi kuficha mahali alipo mhusika, jambo lenye athari za kimaadili kwa mtafiti anayetegemea ukungu huo kulinda faragha ya mtafitiwa.

1.0 Utangulizi

Picha ya sura ni miongoni mwa data zinazokusanywa katika utafiti wa uwandani. Mtafiti wa fasihi simulizi humpiga picha fanani. Mtafiti wa ufundi wa jadi humpiga picha fundi wa majahazi. Mwanahistoria humpiga picha mzee aliyemsimulia. Mara nyingi kifaa kinachotumika katika kazi hizo si kamera kubwa ya mtaalamu, bali ni kamera ndogo inayoingia mfukoni, iliyochaguliwa kwa sababu ya bei yake, wepesi wake, na kwa kuwa haimtishi anayepigwa picha.

Tatizo hujitokeza pale picha inapotazamwa. Sura ya mhusika inaonekana vizuri, lakini nyuma yake kila kitu nacho kinaonekana vizuri vilevile: waya za umeme, ndoo, pikipiki iliyoegeshwa, kibao cha duka. Jicho la mtazamaji halijui litue wapi. Mpiga picha aliyesoma vitabu vya fani hii hukumbuka kanuni moja, kwamba tundu la lenzi likifunguliwa zaidi mandhari ya nyuma hufifia. Hulifungua tundu hilo hadi mwisho, na picha inabaki karibu kama ilivyokuwa. Kanuni si potofu. Kilichokosekana ni ufafanuzi wa kile kinachofunguliwa na ukubwa wake halisi.

Makala haya yanalenga kuziba pengo hilo. Kwanza, yanafafanua dhana za msingi. Pili, yanaonesha kwa hesabu ni kwa nini kamera ndogo ina kina kirefu cha ubayana. Tatu, yanabainisha ni umbali upi unaofaa kubadilishwa, kwa kiasi gani na kwa gharama gani. Mwisho, yanajadili mipaka ya ukungu huo pale unapotumiwa kama kinga ya faragha.

2.0 Usuli wa Mada

Hamu ya kumtenga mhusika na kilicho nyuma yake haikuanza na kamera za dijitali. Julia Margaret Cameron, aliyepewa kamera yake ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1863, alipiga picha za sura kwa kutumia mabamba makubwa ya kioo. Ukubwa wa mabamba hayo na wa lenzi zake ulifanya sehemu finyu tu ya uso iwe bayana, na baadhi ya wakosoaji wa wakati wake walimlaumu kwa hilo. Kwake yeye ukungu haukuwa kitu cha kutafutwa kwa taabu. Ulikuja na kifaa.

Njia nyingine ilidhihirika Afrika Magharibi. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake jijini Bamako, Mali, mwaka 1948, alitundika vitambaa vyenye nakshi nyuma ya wateja wake. Katika picha zake nyingi kitambaa kinaonekana waziwazi pamoja na mhusika, na bado mhusika hapotei. Utengano unatokana na mpangilio wa nakshi, rangi ya vazi na mkao wa mwili, wala hautokani na ukungu.

Mifano hii miwili ina umuhimu katika mjadala huu kwa sababu inatofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Lengo la mpiga picha ni kumtenga mhusika na mazingira yake. Ukungu ni njia mojawapo tu ya kulifikia lengo hilo. Mwenye kamera ndogo anahitaji kujua ni kwa kiasi gani anaweza kuitegemea njia hiyo, na ni wapi panapombidi kurejea katika njia ya Keïta.

3.0 Dhana za Msingi

3.1 Kina cha ubayana

Lenzi hulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Nukta iliyo katika umbali huo hupokewa kwenye kihisi ikiwa nukta. Nukta iliyo mbele au nyuma ya umbali huo hupokewa ikiwa duara dogo. Duara hilo linapokuwa dogo kiasi cha kutotambulika kwa jicho, mtazamaji huliona kama nukta na kusema kwamba kitu hicho kiko bayana. Kina cha ubayana, kwa hiyo, ni eneo lililo mbele na nyuma ya umbali uliolengwa ambamo maduara hayo hayajavuka kikomo cha kutambulika.

Kikomo hicho hakitokani na maumbile ya lenzi. Ni makubaliano yanayotegemea ukubwa wa picha iliyochapwa na umbali wa mtazamaji. Kwa mazoea, duara la milimita 0.2 kwenye picha yenye kimo cha sentimita 25, inayotazamwa kwa umbali wa sentimita 25 hivi, huhesabiwa kuwa kikomo. Picha hiyohiyo ikipanuliwa zaidi, kina chake cha ubayana hupungua.

3.2 Ukungu wa mandhari ya nyuma

Kina cha ubayana hueleza mahali ambapo ubayana unakoma. Hakielezi vitu vilivyo mbali zaidi ya hapo vimefifia kwa kiasi gani. Picha mbili zinaweza kuwa na kina kilekile cha ubayana, huku moja ikiwa na mandhari ya nyuma iliyoyeyuka na nyingine ikiwa na mandhari inayosomeka. Kama itakavyooneshwa katika sehemu ya 4.3, picha yenye kina kirefu zaidi inaweza hata kuwa na ukungu mwingi zaidi nyuma. Katika picha ya sura, jambo linalotafutwa kwa kawaida ni hili la pili.

3.3 Namba ya f na kipenyo cha tundu

Namba ya f ni uwiano. Hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu kama linavyoonekana kutoka mbele ya lenzi. Kwa hiyo lenzi ya milimita 85 iliyowekwa kwenye f/1.8 ina tundu la takriban milimita 47, ilhali lenzi ya milimita 6 iliyowekwa kwenye f/2.0 ina tundu la milimita 3 tu. Namba za f zinakaribiana; matundu yanapishana zaidi ya mara kumi na tano. Kwa kipimo cha mwanga unaofika kwenye kila milimita ya mraba ya kihisi, lenzi hizi mbili zinakaribiana. Kwa kipimo cha ukungu, haziko katika daraja moja.

4.0 Uchambuzi wa Kijiometri

4.1 Kanuni ya koni

Nukta iliyo nyuma ya mhusika hutuma mwanga kuelekea kwenye tundu la lenzi. Miale inayofika kwenye ukingo wa tundu inaunda koni, ncha yake ikiwa kwenye nukta hiyo na kitako chake kikiwa kwenye tundu. Koni hiyo hupita kwenye usawa wa uso wa mhusika, na upana wake pale inapopita ndio ukubwa wa duara la ukungu, likipimwa kwa kipimo cha uso wenyewe. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana:

u = t × n ÷ (m + n)

ambapo u ni kipenyo cha duara la ukungu kwa kipimo cha uso wa mhusika, t ni kipenyo cha tundu la lenzi, m ni umbali kutoka lenzi hadi kwa mhusika, na n ni umbali kutoka kwa mhusika hadi kwenye kitu kilicho nyuma yake.

Mlinganyo huu una natija moja kubwa. Hata mandhari ya nyuma iwe mbali kiasi gani, u haiwezi kuzidi t. Ukungu wa juu kabisa unaoweza kupatikana, ukipimwa dhidi ya uso wa mhusika, ni sawa na upana wa tundu la lenzi. Kamera yenye tundu la milimita 47 inaweza kuyeyusha kitu kinachoonekana kikiwa na ukubwa wa jicho la mhusika. Kamera yenye tundu la milimita 3 haiwezi.

4.2 Vipimo vya kamera mbili

Canon PowerShot S95, iliyotolewa mwaka 2010, ina lenzi ya milimita 6.0 hadi 22.5. Tundu lake la juu ni f/2.0 lenzi ikiwa haijavutwa, na f/4.9 ikiwa imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo kipenyo halisi ni milimita 3.0 katika hali ya kwanza na milimita 4.6 katika hali ya pili. Sony RX100, iliyotolewa mwaka 2012, ina kihisi kikubwa zaidi, chenye milimita 13.2 kwa 8.8, na lenzi ya milimita 10.4 hadi 37.1 yenye f/1.8 hadi f/4.9. Vipenyo vyake ni milimita 5.8 na 7.6.

Takwimu hizi zinabainisha jambo lililofichwa na namba ya f. Lenzi inapovutwa, namba ya f hupanda, na mpiga picha hudhani kwamba anapoteza uwezo wa kufifisha mandhari ya nyuma. Kinyume chake, katika kamera zote mbili tundu halisi linapanuka.

4.3 Kuvuta au kutovuta lenzi

Tuchukulie picha ya kichwa na mabega inayojaza fremu ya wima yenye kimo cha sentimita 60 kwa mhusika. Kwa S95, lenzi isipovutwa, mpiga picha atasimama umbali wa takriban mita 0.48, ikivutwa hadi mwisho, atasimama umbali wa takriban mita 1.81. Kwa kikomo cha duara cha milimita 0.006 kwenye kihisi, kina cha ubayana katika hali ya kwanza ni takriban sentimita 16, na katika hali ya pili ni takriban sentimita 39. Anayezingatia kina cha ubayana peke yake angehitimisha kwamba lenzi isivutwe. Jedwali lifuatalo linaonesha ukungu wenyewe.

Jedwali Na. 1: Kipenyo cha duara la ukungu kwa kipimo cha uso wa mhusika (milimita), Canon PowerShot S95

| Umbali wa mandhari nyuma ya mhusika | Lenzi haijavutwa, f/2.0 | Lenzi imevutwa, f/4.9 |
|---|---|---|
| Mita 0.5 | 1.5 | 1.0 |
| Mita 1 | 2.0 | 1.6 |
| Mita 2 | 2.4 | 2.4 |
| Mita 3 | 2.6 | 2.9 |
| Mita 6 | 2.8 | 3.5 |
| Mbali sana | 3.0 | 4.6 |

Jedwali linaonesha kwamba mandhari ya nyuma ikiwa karibu kuliko mita 2, lenzi isiyovutwa hutoa ukungu mwingi zaidi. Ikiwa mbali kuliko hapo, lenzi iliyovutwa ndiyo inayoshinda, na tofauti huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka. Aidha, lenzi iliyovutwa huingiza ndani ya fremu sehemu ndogo zaidi ya mandhari ya nyuma, hivyo vitu vya kuondolewa au kuepukwa hupungua.

4.4 Gharama ya ukaribu

Kuna sababu ya pili ya kuikataa lenzi isiyovutwa, nayo haihusiani na ukungu. Tukichukulia kwamba sikio liko takriban sentimita 12 nyuma ya ncha ya pua, mhusika anapopigwa picha akiwa sentimita 48 kutoka kwenye lenzi, pua hukuzwa kwa asilimia 25 zaidi ya sikio. Uso hutokeza mbele, masikio hurudi nyuma, na mhusika huenda asijitambue. Kwa umbali wa mita 1.81 tofauti hiyo hushuka hadi chini ya asilimia 7. Umbo la uso hutegemea umbali peke yake. Halirekebishwi kwa kubadili lenzi wala namba ya f.

Ikumbukwe pia kwamba mtu anayesogelewa na kamera hadi sentimita 48 hujikunyata. Kwa mzee anayeheshimiwa, ukaribu huo waweza kuwa utovu wa adabu, na sura itakayopatikana itakuwa ya mtu anayevumilia.

4.5 Nguvu ya namba ya f ikilinganishwa na nguvu ya umbali

Katika S95 iliyovutwa hadi mwisho, namba ya f inaweza kubadilishwa kutoka f/4.9 hadi f/8. Mandhari ikiwa mita 3 nyuma ya mhusika, mabadiliko hayo yote hupunguza duara la ukungu kutoka milimita 2.9 hadi milimita 1.8, yaani kwa uwiano wa takriban 1.6. Kumhamisha mhusika kutoka nusu mita mbele ya ukuta hadi mita 6 mbele yake huongeza duara kutoka milimita 1.0 hadi 3.5, yaani mara tatu na nusu. Hatua chache za miguu zina nguvu zaidi ya mara mbili ya nguvu ya gurudumu la kamera.

Kulifunga tundu kuna madhara mengine. Mwanga unaopita katika tundu dogo hutawanyika kandokando, na kwenye f/8 utawanyikaji huo hutengeneza duara lenye kipenyo cha takriban milimita 0.011, karibu mara mbili ya kikomo cha milimita 0.006 kilichotumiwa hapo juu. Matokeo ni picha iliyolegea kila mahali, pamoja na machoni. Zaidi ya hayo, baadhi ya kamera ndogo hazina tundu linalobadilika kabisa. Hupunguza mwanga kwa kuingiza kichujio cheusi mbele ya kihisi. Katika kamera hizo namba ya f inayooneshwa kwenye kioo inaweza kupanda bila kina cha ubayana kubadilika.

5.0 Matumizi ya Matokeo

5.1 Picha inayomtenga mhusika

Kutokana na uchambuzi huo, utaratibu unaofaa ni kuanza na mahali kabla ya kuigusa kamera. Mhusika aliyeketi akiegemea ukuta hana mandhari inayoweza kufifia, kwa kuwa n inakaribia sifuri. Katika uchochoro mwembamba kama ule wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mpiga picha anayemwelekea mhusika kwa kukatiza njia hupata ukuta ulio hatua moja nyuma yake. Akigeuka na kumpiga picha kwa kufuata urefu wa njia, hupata makumi ya mita. Mahali hapajabadilika, mwelekeo ndio uliobadilika.

Hatua ya pili ni kuivuta lenzi hadi mwisho na kuiacha kwenye namba ndogo kabisa ya f inayoruhusiwa pale. Hatua ya tatu ni kusogea hadi uso ujaze fremu. Mpiga picha mwenye S95 anayepunguza kimo cha fremu kutoka sentimita 60 hadi 35 atasimama umbali wa takriban mita 1.06. Mandhari ikiwa mita 3 nyuma, duara la ukungu hufikia milimita 3.4, na kwa kuwa fremu nayo imepungua, ukungu huo katika picha iliyochapwa huonekana mkubwa mara mbili ya ule wa awali. Pua hukuzwa kwa asilimia 11 zaidi ya sikio, kiwango kinachovumilika. Kina cha ubayana ni takriban sentimita 13.

Hatua ya nne inahusu mwanga. Mandhari ya nyuma iliyo mbali mara nyingi ni anga, bahari au kiwanja chenye jua, na kamera inayopima mwanga wa fremu nzima huufanya uso kuwa mweusi kuliko ulivyo, hasa uso wenye ngozi nyeusi. Inafaa kumketisha mhusika kivulini, kuchagua mandhari ya nyuma iliyo kivulini pia, na kuongeza kipimo cha mwanga kwa mkono pale inapohitajika. Mandhari yenye rangi moja na isiyo na nukta zinazong'aa humtenga mhusika hata pale ukungu unapokuwa mdogo. Hapa njia ya Keïta inasaidia tena: vazi jeupe mbele ya mlango wa mti mweusi halihitaji ukungu wowote.

5.2 Picha inayohitaji mazingira

Si kila picha ya sura inafaa kumtenga mhusika. Fundi wa majahazi asiye na jahazi nyuma yake ni mtu tu. Katika picha ya aina hii udogo wa tundu, uliokuwa kikwazo, unageuka kuwa fadhila. S95 isiyovutwa, ikiwekwa f/4 na kulengwa umbali wa mita 1.5, huonesha bayana kila kitu kuanzia takriban sentimita 75 hadi upeo wa macho. Kamera yenye kihisi kikubwa hulazimika kufunga tundu hadi takriban f/19 ili kufikia matokeo hayohayo, na hivyo kuhitaji mwanga mwingi zaidi au kiweko. Ndani ya karakana yenye giza, tofauti hiyo yaweza kuamua kama picha itapatikana au haitapatikana. Katika picha hii fundi asisogee karibu mno na lenzi, mita 1.5 hadi 2 hulinda umbo la uso wake.

6.0 Mipaka ya Ukungu na Faragha ya Mtafitiwa

Suala la ukungu linavuka uzuri wa picha pale mtafiti anapoahidi kwamba mahali alipo mhusika hapatatambulika. Ahadi hiyo hutolewa kwa wagonjwa, kwa wahamiaji na kwa walioshuhudia matukio ya hatari. Mtafiti akiona mandhari ya nyuma imefifia kwenye kioo kidogo cha kamera, anaweza kuamini kwamba ahadi imetimizwa. Hesabu hazimuungi mkono.

Tuchukulie kibao chenye herufi za kimo cha sentimita 5 kilicho mita 3 nyuma ya mhusika aliyepigwa picha kwa S95 kutoka mita 1.81. Kwa kipimo cha uso wa mhusika, herufi hizo zinaonekana zikiwa na kimo cha takriban milimita 19. Duara la ukungu ni milimita 2.9, takriban sehemu moja ya sita na nusu ya kimo cha herufi. Herufi zimelainika kingo, lakini jina la zahanati, la mtaa au la shule linasomeka. Katika hali kama hiyo, kamera ya kihisi kikubwa yenye lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8 ingetoa duara la takriban milimita 32 na kuzifuta kabisa. Hivyo basi, mtafiti aliyejifunza desturi ya kufifisha mandhari kwa kutazama picha za kamera kubwa hawezi kuhamishia imani hiyo kwenye kamera ndogo.

Kioo cha kamera huongeza udanganyifu huo. Kwa udogo wake, kioo hakioneshi tofauti baina ya kilichofifia kidogo na kilichofifia kabisa. Tathmini inapaswa kufanywa kwenye kompyuta, picha ikiwa imekuzwa kwa ukubwa wake kamili, kabla ya mtafiti kuondoka uwandani. Pia baadhi ya kamera na simu huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa. Maandishi hayo hayaguswi na ukungu wowote.

Njia ya kutengeneza ukungu kwa programu imeenea, hasa tangu Apple ilipoiingiza katika simu ya iPhone 7 Plus mwaka 2016. Programu hukadiria umbali wa kila sehemu ya picha kisha hufifisha ile inayodhani iko nyuma. Ukungu wa namna hiyo haubanwi na kipenyo cha tundu, na kwa picha ya kawaida unaweza kupendeza. Kwa picha ya utafiti una kasoro mbili. Kwanza, programu hukosea penye kingo ngumu kubainisha: nywele, ukingo wa ushungi, nafasi iliyo baina ya mkono na kiuno. Kipande cha mandhari ya nyuma huachwa bayana, na kipande cha mhusika hufutwa. Pili, picha inakuwa imebadilishwa baada ya kupigwa, na msomaji asipoarifiwa huichukulia kuwa ushahidi wa kile kilichokuwapo. Mabadiliko hayo yatajwe katika maelezo ya picha, na faili la awali lihifadhiwe chini ya masharti yaleyale ya siri yanayotawala data nyingine.

Kinga ya uhakika ni ile inayotangulia kubonyeza kitufe: kuchagua mahali pasipo na alama, kumgeuza mhusika aelekee upande mwingine, au kutundika kitambaa nyuma yake. Kitambaa kilicho bayana huficha zaidi kuliko ukungu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ukubwa wa ukungu katika picha ya sura unatawaliwa na kipenyo halisi cha tundu la lenzi pamoja na uwiano wa umbali wa mhusika na wa mandhari ya nyuma. Katika kamera ndogo kipenyo hicho ni milimita chache na hakiwezi kuongezwa sana, hivyo umbali ndio unaobaki mikononi mwa mpiga picha. Imebainika kuwa lenzi iliyovutwa, ijapokuwa ina namba ya f iliyo kubwa zaidi na kina kirefu zaidi cha ubayana, hutoa ukungu mwingi zaidi mandhari inapokuwa zaidi ya mita 2 nyuma ya mhusika, na hulinda umbo la uso. Imebainika pia kwamba kina kirefu cha kamera ndogo kinafaa katika picha zinazohitaji mazingira.

Kwa upande wa maadili, matokeo yanadai kwamba ukungu wa kamera ndogo usihesabiwe kuwa kinga ya faragha. Itafaa vyuo vinavyopokea tasnifu zenye picha za watafitiwa vimtake mtafiti aeleze ni kwa njia gani mahali pamefichwa, na watahini waikague picha ikiwa imekuzwa kwa ukubwa wake kamili. Mtafitiwa aliyekubali kupigwa picha kwa sharti la kutotambulikana hana njia ya kukagua herufi zilizo nyuma ya bega lake. Jukumu hilo ni la aliyeishika kamera.